Maziwa ya Kuondoa Moshi

Mniko hakwenda Musoma kutibiwa. Kifua kilikuwa kinambana tangu masika, hiyo ni kweli, na kutoka nyumbani hadi kwenye mashine yake, hatua zisizofika hamsini, alipumzika mara mbili. Lakini angeweza kuendelea kukohoa hivyo hivyo huko Bugwema mpaka Mungu amchoke. Kilichompeleka hospitali ni swali moja, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa kusaga unga. Injini ya dizeli aliinunua Bunda baada ya kuuza pamba na ng'ombe wanne, na fundi aliyekuja kuifunga alimwachia wosia: kila jioni kikombe cha maziwa, moshi wote utatoka kifuani. Nani asiyejua hilo? Maziwa hukata sumu. Sasa, ng'ombe wa kukamua alibaki mmoja, tena mchoyo, jioni anatoa kikombe kimoja kama anayetoa sadaka kwa kulazimishwa. Wegesa, mkewe, alimpa Mniko kikombe hicho kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Yeye, aliyeshinda hapo hapo akipokea ndoo za mahindi na kufagia unga, alikunywa chai ya rangi.

"Kunywa wewe," alikuwa anasema. "Wewe ndo unakaaga na injini."

Naye alikunywa. Hakusema hata siku moja tugawane. Wegesa akaanza kukohoa, akakonda, akafa, huu mwaka wa nne, na sigara hakuwahi kuionja. Waombolezaji walimwambia Mniko ajikaze, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kisha wakaenda zao. Watoto hawakujaliwa. Toka hapo aliyemsemesha ni mwenye ndoo ya mahindi tu, na alimsemesha kwa kupiga kelele kwa sababu ya injini. Mniko alibaki na jambo moja alilolijua bila kuambiwa: alimnywa mke wake, kikombe kwa kikombe.

Hospitalini, Daktari Hyasinta alimpa kidude cha kupuliza. Alipuliza mpaka macho yakamtoka, na namba iliyotokea haikumfurahisha daktari.

"Unavuta sigara, baba?"

"Sijawahi. Nasagaga unga. Mashine ya dizeli."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana, havionekani kwa macho. Kazi yake ni kufagia. Vumbi likiingia vinalisukuma juu, unakohoa, linatoka. Lakini moshi wa dizeli una masizi laini kuliko unga wowote uliowahi kusaga. Yanapita hapo, yanafika chini kabisa mapafuni. Seli za huko zinavimba, na vile vinyweleo vinachoka, vingine vinakufa. Uchafu unabaki ndani, na njia inazidi kuwa nyembamba."

"Na mtu akinywaga maziwa?"

Alijitahidi lisikike kama swali la kawaida.

"Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Mapafuni hayafiki. Ni chakula kizuri, lakini moshi hayaondoi."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

"Kwa hiyo mtu ambaye hakunywaga, hata angekunywa..."

"Yasingemsaidia kifua."

Mniko alicheka. Alicheka kwa sauti, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kikohozi kilipokwisha. Alifurahi mno. Alitamani kuwe na mtu anamsubiri mlangoni amwambie. Kwa kuwa hakuwepo, akamwambia daktari yote: Wegesa, ng'ombe mchoyo, chai ya rangi.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwambia injini aachane nayo. Kisha akauliza, kama ambavyo angemuuliza mgonjwa yeyote wa kazi hiyo:

"Bomba la moshi linatokea wapi?"

"Juu ya paa."

"Vizuri. Tangu mwanzo?"

Mniko akatikisa kichwa.

"Lilikuwaga linatokea ukutani, mbele. Wateja wakasema unga unanuka. Nikaligeuzia nyuma, pale kibarazani mke wangu alipokuwa anapepetea mahindi. Mwenyewe alisema geuzia huku, mimi nimezoea."

"Na juu ya paa ulilipandisha lini?"

"Siku ya msiba. Ilibidi tusage unga wa matanga, na wageni walikuwa wamekaa huko nyuma. Moshi ulikuwa unawasumbua."

Daktari alitazama karatasi zake. Mniko naye alitazama mikono yake. Kulipandisha juu ilikuwa kazi ya vipande viwili vya bomba na nusu saa.

Jioni alimkuta Rebeka, jirani yake, ameketi juu ya ndoo mlangoni pa mashine.

"Mzee, utawasha?"

"Nenda kwa wale wa umeme, mama."

"Leo tu, au?"

"Nenda tu."

Rebeka alijitwisha ndoo yake akaondoka. Mniko akakamua ng'ombe, akachukua kikombe, akazunguka nyuma. Ukuta wa kibaraza ulikuwa mweusi kwa masizi ya miaka. Katikati, kimo cha mtu aliyeketi, palibaki rangi ya udongo: mgongo, mabega mawili, na kichwa kidogo kilichofungwa kilemba. Miaka minne alipita mbele ya alama ile akisema ataupaka ukuta chokaa.

Akaketi pembeni yake, akaweka kikombe katikati yao.

"Nusu saa, Wegesa," akasema. "Wageni niliwapa."

Injini ilikuwa imezimwa, hakuhitaji kupaza sauti.