Yowe Kwenye Mkutano wa Bima

Epifania alinyoosha mkono mpaka kwapa likamuuma, na mwenyekiti Pasikali akawa anamruka kama hamwoni. Mkutano wa bima ya afya ulikuwa umepamba moto. Kijiji kizima cha Heru Juu kilikuwa uwanjani, na kila mwanamume mwenye mabega alikuwa hapo. Hao ndio aliowafuata. Binti yake Aline alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, damu ndiyo inatoka, na mvua imeharibu njia hata bodaboda hazishuki. Alitaka watu wanne tu wa kubeba machela hadi kituo cha afya.

Kwa nini asipige yowe? Jamani, kwao yowe la mama ni la msiba. Ukilipiga mgonjwa wako akiwa hai, umemwitia kifo kwa mdomo wako mwenyewe. Basi akauma midomo, akanyoosha mkono kama mtu mwenye adabu zake.

"Sheria imeshapita," Pasikali alikuwa akisema. "Kila kaya ichangie, mzima na mgonjwa."

Venanti, bingwa wa maneno, akainuka. "Mwenyekiti, mimi siumwi, nichangie nini? Hapa kwetu maiti ni ya wote, mgonjwa ni wa mwenyewe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Epifania aliwachukia wote, mmoja mmoja.

Akasimama bila kuruhusiwa. "Mwanangu anakufa nyumbani, naomba..."

"Mmesikia?" Pasikali akadakia kwa furaha. "Mfano hai huo! Asante mama, umechangia vizuri. Keti, nitakurudia."

Makofi tena. Alijaribu kusema hakuja kuchangia hoja, amekuja kuomba wabebaji, lakini Venanti alikuwa ameshaanza kubisha na uwanja mzima ukambishia.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akajishika kichwa kwa mikono miwili akapiga yowe, Mungu amsamehe.

Mkutano ulivunjika palepale. Hakuna aliyeuliza. Wanaume walitimua mbio wakipitia majembe majumbani mwao, wanawake wakajifunga kanga viunoni. Epifania alikimbia nyuma yao akipaza sauti, "Yu hai! Yu hai jamani!" Nao wakamjibu kwa huruma, "Jikaze, mama Aline. Ndiyo dunia."

Aline alikuwa amelala kwenye mkeka uliotandikwa juu ya machela, kichwa mapajani mwa jirani yao, bibi Ndayikunda. Akafumbua macho, akawaona wamejaa mlangoni, majembe begani, Venanti mbele yao.

"Mama," akauliza kwa sauti ndogo, "kwani nimeshakufa?"

Jembe la Venanti likamponyoka.

"Bado, mwanangu," Epifania alisema, akihema. Akawageukia wale wanaume, wengi kuliko aliowaomba. "Bado, Venanti. Mgonjwa huyo hapo. Ni wa nani?"

Venanti aliinama akashika machela upande wa kichwani, akawaita wenzake watatu waharakishe, maana damu ilikuwa imeshalowesha mkeka wote.