Kibali cha Kutazama Twiga

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, mjane mmoja wa Njombe aitwaye Tabea alikwenda bomani kuomba kibali cha kuingia pori la akiba lililokuwa bondeni, upande wa Usangu. Wenyeji waliozoea kuomba kibali hicho walikuwa warina asali na wavuvi. Tabea hakuwa na mzinga wala ndoana. Alitaka kuona twiga.

Marehemu mumewe, Yoeli, aliwahi kufanya kazi ya barabara huko bondeni. Jioni za baridi, wakiota moto na kumenya njegere, alikuwa akimsimulia jinsi twiga wanavyokimbia, mbio zisizo na haraka, kama watu wanaoogelea. Aliahidi kumpeleka, lakini homa ya mapafu ikamwahi. Tabea akabaki akilima na kulea watoto. Alipokwisha kumwoza binti yake wa mwisho, alimwambia Kristina, mke wa mwanawe, kwamba sasa anakwenda kujionea mwenyewe.

Kristina alidhani mama mkwe wake anatania. Alipomwona anafunga mzigo, naye akajitanda kanga yake akamfuata.

Karani wa boma, kijana mpole aliyeitwa Filbert, aliwaeleza kwamba ada ya kutazama wanyama hulipwa na Wazungu wanaokuja na magari na kamera zao. Tabea akauliza kama ipo sheria inayomkataza yeye. Filbert akafikiri, akasema hajawahi kuiona. Basi Tabea akafungua pindo la kanga, akaweka mezani shilingi alizopata kwa kuuza viazi Makambako.

Karani akaingia ndani kumwita Bwana Shauri, Mzungu aliyesimamia boma. Mzungu yule akamtazama Tabea, kisha akamwuliza kwa nini atoe fedha yake ili kuona wanyama ambao kila siku watu hulalamika kuwa wanaharibu mashamba.

"Wale wageni wa magari, bwana, nao huwa unawauliza hivyo?" Tabea akasema, bila kupandisha sauti.

Bwana Shauri akaomba kalamu. Kisha akatia sahihi.

Walipanda lori hadi Makambako, wakalala kwa ndugu, na kesho yake wakapata lori jingine lililokuwa linateremka kuchukua mpunga. Mwisho walitembea kwa miguu mpaka langoni, penye kibanda cha nyasi na askari wa wanyamapori aliyeitwa Ezekia. Kibali kilikuwa na jina moja, kwa hiyo Ezekia akasema Kristina atasubiri hapo kibandani. Kristina hakubisha, kwani tangu asubuhi alikuwa akiwaza simba.

Huko ndani joto lilikuwa kali. Tabea, aliyezoea ukungu wa Njombe, alilowa jasho mpaka kitambaa cha kichwani, na mbung'o wakamuuma mgongoni. Walikuta mavi ya tembo na nyayo za zamani, basi. Mchana Ezekia akampa pole, akasema wanyama wamekwenda mbali mtoni, heri warudi. Tabea akaomba wapumzike kwanza chini ya mgunga hadi jua lipungue ukali.

Baadaye Ezekia alipenda kusimulia habari ya siku ile. Alikuwa ameongoza wageni wengi, na wanyama wasipoonekana walimkasirikia kana kwamba amewaficha yeye. Mama huyu alinyoosha miguu, akawa anauliza jina la kila mti na kila ndege, na kila alichokitambua alimtajia Ezekia jina lake la Kibena, lugha ya kwao Njombe. Ezekia alisema amelinda pori lile muda mrefu, lakini siku hiyo ndiyo aliyolitazama.

Jua lilipoinama, twiga wakatokea kwenye uwazi, wakubwa watatu na mtoto wao. Walisimama wakisikiliza. Kisha kitu kikawashtua, wakaondoka mbio, shingo zikipanda na kushuka, vumbi likibaki chini yao kama maji. Tabea alikuwa amesimama. Akasema kwa Kibena, taratibu, kama anayemjibu mtu aliyekaa karibu naye, "Kweli. Wanaogelea."

Ezekia alimwacha asimame hapo mpaka vumbi lilipotulia.

Njia nzima ya kurudi Kristina alisimuliwa, na alipofikishwa mwisho aliomba aanziwe upya. Walipofika Makambako mfanyabiashara mmoja aliwacheka, akasema ni upuuzi kutoa fedha kwa kitu kisicholiwa wala kuvaliwa.

"Na wewe ukitoka ibadani Jumapili, huwa umebeba nini?" Tabea akamwuliza.

Mtu yule akacheka tena, safari hii kwa adabu, akawasogezea gogo wakae wakisubiri lori.

Kiangazi kilichofuata Kristina alikwenda kuomba kibali chake, pamoja na wanawake wawili wa usharika wao. Tabea alibaki na wajukuu. Asubuhi ya safari alimfungia mahindi ya kukaanga, akamsindikiza hadi barabarani, akasimama naye kwenye baridi mpaka lori lilipokuja.