Spika ya Nyuma Kushoto

Ulipita pale, usikane. Ulipita barabara ile ya murram chini ya kiwanda cha majani chai, ukasikia mashine zikinguruma kabla hujafika darajani, ukapandisha kioo cha gari ukaendelea na safari zako. Au ulikuwa mezani unakunywa chai yenyewe, mtu akakuambia kuna wazee huko Nyamira ambao siku hizi hawaitikii wakiitwa, ukageuza uso ukaomba sukari. Haya, geuka huku sasa. Hii ni habari ya Gesare na spika zake, ya mwaka wa tisini na tisa, na haijapoa.

Gesare alikuwa ameamua kuondoka. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda, na kesho yake asubuhi angeshika njia ya kwao Suneka. Hakuwa amegombana na mumewe. Walter alikuwa mwanamume mzuri, fundi wa redio Kisii mjini, wa kurudi nyumbani na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti. Tatizo lilikuwa baba yake Walter. Tangu Gesare aolewe katika boma lile, mzee Ondieki hakuwa amemjibu salamu hata siku moja.

Si kwamba Gesare hakumsalimu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda zamu kiwandani, mzee aliketi kwenye veranda akiangalia shamba lake la majani chai, kikombe mkononi. Gesare alitoka jikoni na ndoo akielekea kisimani. Njia fupi ilipita mbele ya mzee, lakini Mgusii aliyelelewa vizuri hapiti mbele ya baba mkwe kama anayepita mbele ya duka. Hamkazii macho, hampi mkono, hampazii sauti. Heshima hiyo ndiyo chinsoni, na mama yake Gesare alikuwa amemlisha pamoja na uji. Kwa hiyo alizunguka nyuma ya kiti, upande wa kushoto, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama inavyotakiwa, "Bwakire, Tata." Umeamkaje, baba. Mzee alipuliza chai yake, akanywa. Ni kama amepitwa na kuku.

"Mpe muda," Walter alikuwa akimwambia. "Mzee wangu si mtu wa maneno."

"Na jana alivyocheka na muuza maziwa mpaka akapaliwa?"

"Huyo wamezoeana."

"Mimi nitazoewa lini, Walter? Nikishang'oka meno?"

Na si yeye peke yake. Kanisani pia watu walikuwa wameanza kunung'unika. Ondieki ameringa siku hizi, walisema, unamwamkia anakupita kama mbunge aliyekwisha kuchaguliwa. Gesare aliyasikia hayo akajua basi, ndivyo alivyo, moyo wa mtu huwezi kuupigia hodi kila asubuhi ukiachwa mlangoni.

Lakini kabla ya kwenda kulikuwa na kazi moja ya kumaliza. Zamani Gesare aliuza redio na kaseti katika duka la Bipin na mkewe Rekha pale Kisii. Alipoolewa, Rekha alimpa zawadi ya arusi: boksi la spika za kompyuta, nne ndogo kama nusu mkate, na moja kubwa ya besi ya kuweka sakafuni.

"Mbili mbele, mbili nyuma," Rekha alimwambia. "Ukizipanga sawasawa, kwaya itakuzunguka kama umesimama katikati yao. Na kukiwa na kasoro, Gesare, usikimbilie kulaumu spika. Badilisha vitu kimoja kimoja, uangalie kasoro inahama na nani. Ikihama na spika, ni spika. Ikihama na waya, ni waya."

Walter naye alikuwa amepata kompyuta kuukuu kutoka ofisi iliyofungwa, akiwa na ndoto ya kurekodi kwaya za makanisa na kutoa kaseti. Nyumba yao haikuwa na stima. Nyumba ya mzee ndiyo iliyokuwa nayo, na isitoshe mzee hangeweza kukanyaga ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo nayo ni chinsoni. Basi kompyuta ikawekwa sebuleni kwa Ondieki, karibu na mlango, ikangoja mtu wa kuiunganisha.

Jumapili hiyo Walter alikuwa mjini. Gesare aliingia sebuleni kwa upole, akaanza kufungua mafundo ya waya. Mbele, aliweka spika moja kila upande wa kompyuta. Nyuma, moja juu ya kabati la vyombo na nyingine juu ya stuli upande wa dirisha. Aliingiza pini ya zile za mbele kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, ya zile za nyuma kwenye tundu jeusi, boksi la besi akalichomeka ukutani.

Mama mkwe wake, Kemuma, alisimama akitazama, mikono kiunoni. Kemuma alikuwa na sauti ya kuuza ndizi sokoni. Hata akiomba dua, jirani aliitikia amina.

"Hizi zitakaa uchi hivi, na wageni wanaingia?" Akafungua kabati, akavisha kila spika kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Gesare akaendelea kunyoosha waya. Kesho hangekuwepo, agombanie vitambaa vya nini?

Sasa palitakiwa mtu wa kuketi katikati asikilize. Na katikati ya sebule ile palikuwa na kiti cha Ondieki, ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukikalia, hata paka. Basi hakimu wa spika akawa mzee mwenyewe. Akaja, akaketi akiitazama kompyuta, akakunja mikono kama mtu aliyeitwa kwenye baraza.

Kwenye diski iliyokuja na spika kulikuwa na nyuki wa kujaribia. Kazi yake ni kuzunguka chumba, spika hadi spika, ili usikie kama zote ziko hai. Gesare akamfungulia.

"Ni nyuki!" Ondieki alisema, na uso mzima ukalegea. Akanyoosha kidole akamfuata: yuko mbele kulia, upande wa mlango, anapita dirishani, juu ya stuli, anakuja nyuma, anaelekea kabatini... Kidole kikasimama hewani.

"Amekufa," mzee akatangaza.

Punde nyuki akasikika mbele tena, kwa mbali. "Amefufuka!"

Kemuma alicheka mpaka akashika kiti. Gesare naye alijikuta anacheka, akakumbuka begi, akaacha. Akamnong'oneza Kemuma, na Kemuma akapaza: "Anasema ni kitambaa changu kinamziba! Subiri!"

Kitambaa cha kabatini kikavuliwa. Nyuki akazunguka, akafika kabatini, akafa. Gesare akachukua spika ya kabatini akaipeleka kwenye stuli, ya stuli akaileta kabatini. Nyuki akafia palepale. Akabadilisha waya. Palepale. Kasoro haikuhama na spika, haikuhama na waya, ilikaa kwenye kona yake kama mwenye shamba. Ilibaki kadi ya sauti ndani ya kompyuta, na kadi ikiwa mbovu, ndoto ya Walter imekwisha. Watasema yule msichana wa Suneka aliharibu mashine akatoroka.

"Labda ni kadi, Mama," alinong'ona. "Upande huu imekufa."

"Imekufa vipi?" Kemuma alikuwa amesimama kando ya kabati, nyuma ya mumewe. "Si nyuki huyu hapa, ananiingia sikioni! Wewe humsikii?"

Gesare akatega sikio. Kweli, alimsikia. Wote wawili walimsikia. Alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa kimoja.

"Mama," akasema taratibu, "mwombe Tata ageuze kiti. Aipe kompyuta mgongo."

"Nisikilize ukuta?" Ondieki alinung'unika alipoelezwa, lakini akageuka. Nyuki akaanza safari. Alipofika kabatini, pale alipokuwa akifia, kidole cha mzee kilimwonyesha bila shaka yoyote. Akazunguka, akaja upande wa mlango, kwenye ile kona ambayo mzee hakuwa ameikosea hata mara moja. Kidole kikasimama.

"Amekufa tena. Lakini sasa amefia mlangoni. Huyu nyuki wenu ana wazimu."

Kasoro ilikuwa imehama na mzee.

Gesare alizima nyuki, akaketi sakafuni palepale kati ya waya. Aliiona veranda. Alijiona akizunguka nyuma ya kiti na ndoo, kushoto, akiinamisha kichwa, akishusha sauti kadiri alivyoweza kwa sababu ya heshima. Asubuhi zote hizo alikuwa akimsalimu ndani ya shimo.

"Mama, huko kiwandani, mashine anayosimamia Tata iko upande gani wake?"

"Ile ya kusaga majani? Kushoto. Tangu Walter ananyonya iko hapo kushoto." Kemuma alijigonga shavu kwa kiganja, akionyesha. "Akirudi nyumbani anasema bado inamvumia kichwani."

"Na hakumwambia mtu?"

"Alimwambia msimamizi. Akaambiwa ni nta ya sikio, atie mafuta. Tumetia mafuta mpaka mto wetu unanuka chapati." Kemuma alitaka kucheka, ikakataa. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Mimi nilidhani ni uzee, mtoto wangu. Na mimi, si unanijua, nikiongea nasikika hata na viziwi."

Hapo ndipo neno hilo la uziwi lilipotoka, na halikurudi.

Gesare alisimama. Alimtazama Kemuma, na Kemuma akaelewa anachoomba, akaitikia kwa kichwa. Gesare akazunguka kiti kwa upande wa kulia, akapiga magoti karibu na mkono wa kiti, macho sakafuni kama alivyofunzwa, lakini sauti akaipandisha, sauti ambayo hakuna mke wa mwana aliyewahi kumpandishia baba mkwe katika boma lile.

"Bwakire, Tata!"

Mzee aligutuka. Akatazama dirishani, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. "Saa hizi?" Kisha akamwona ni nani. "Bwakire buya, mokamwana, mke wa mwanangu. Kumbe una sauti!"

"Ninayo, Tata."

"Tangu uje hujanisalimu. Nilimwambia Kemuma, huyu msichana amesoma kompyuta, anatuona washamba. Nikasema simlazimishi. Lakini iliniuma, nisidanganye."

"Nimekuamkia kila siku, Tata. Nikipita na ndoo. Nyuma yako, upande ule."

Ondieki alipeleka mkono kwenye sikio la kushoto, akalipapasa polepole, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti sokoni na kukuta pochi haipo. Halafu akasema, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mimi nakunywa chai!" Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akajikohoza. "Kesho pitia kulia. Na useme kwa nguvu, hata majirani wakishangaa. Haya, nifungulie huyo nyuki tena. Nataka nimsikie mpaka pale anapoishia."

Jioni hiyo Walter alimkuta mkewe akitundika nguo zake upya msumarini. Akampa andazi.

Lakini haikuishia hapo, maana mzee aliwahadithia wenzake kiwandani habari ya nyuki anayekufa kabatini, na Jumapili iliyofuata wakaja kumwona. Ondieki alifanya jambo ambalo boma lile halikuwahi kuona: aliwaachia kiti chake. Momanyi wa mashine ya kukausha aliketi kwanza, akinyoosha kidole kwa mbwembwe, wenzake wakimtania, "Mshike, asikuume!" Nyuki akampotea upande wa kulia, upande wa mashine yake. Wakacheka. Akaketi mwingine, wakacheka kidogo. Kisha akaketi Abner, kijana aliyeajiriwa juzi tu, ndevu bado hazijajua zitokee wapi. Kidole chake kilimfuata nyuki vizuri, kikapunguza mwendo, kikatangatanga.

"Ameenda wapi?" Abner akauliza, akiwatazama wazee mmoja mmoja.

Hakuna aliyecheka. Gesare alizima kompyuta. Wakaenda veranda, na pale, wakisogezeana masikio yaliyobaki, wakakubaliana kwenda ofisini kiwandani pamoja, wote, na Abner mbele.

Kiwanda chenyewe hakitajwi hapa, maana unakijua kilicho karibu nawe, na mngurumo wake unaujua. Sasa weka karatasi hii chini. Huhitaji kompyuta wala spika. Nenda ukasimame nyuma ya baba yako, au mama yako, au yule jirani anayetoka zamu unayesema ameringa. Mwite jina lake kwa upole, kushoto, halafu kulia. Asipogeuka, usimwambie ni nta. Zunguka uje mbele yake, umsalimu kwa nguvu akusikie, umshike mkono, mwende naye mpaka kwenye lango la kiwanda mkaulize sikio lake liko wapi. Usingoje Jumapili. Mashine zinanguruma sasa hivi, na Abner yuko zamu. Simama. Nenda.