Sauti ya Redio kwa Vipande

Kaka yake mshonaji walimwita Redio, na si kwa sababu ya kutengeneza redio tu. Alikuwa hazimiki. Angeanza kichekesho wewe una tonge mdomoni, na akikaribia mwisho, pale roho zimewakaa juu juu, angesimama: "Ngojeni kwanza, koo limekauka." Kisha anakwenda kunywa maji polepole kama mtu anayekunywa dawa. Ukimrushia kandambili, anaongeza glasi ya pili.

Sasa alikuwa kaburini, na nyumba imejaa picha zake. Lakini mama yao haoni, macho yalishazima zamani. Alizipapasa zile fremu, akazirudisha mezani.

"Hizi ni vioo tu," alimwambia binti yake mshonaji. "Mimi nataka anisemeshe."

Fundi Simu, rafiki wa marehemu, ndiye aliyekumbuka. Redio aliwahi kujirekodi akisimulia, akaituma sauti hiyo kwenye kundi la habari la mafundi redio, yale makundi ya mtandaoni ya kizamani ambayo watu huachiana ujumbe na mafaili. Nyumbani hakubakiza kitu. Alisema kule ni salama kuliko kabatini.

"Salama wapi," Fundi Simu alisema, akiifungua kompyuta juu ya meza ya cherehani. "Seva, ile kompyuta inayohifadhi makundi, haitunzi milele. Vilivyozeeka inavifuta, na vya kaka yako viko mlangoni vinaaga. Vipakue leo."

Akamfungulia akaunti kwenye seva, akamwekea programu ya kupakulia, akamwonyesha pa kutafuta. Jina la Redio likatokea, na chini yake orodha ndefu.

"Mbona mengi hivi? Alisimulia mwaka mzima?"

"Ni faili moja, dada. Huku faili kubwa hukatwa vipande. Unavipakua vyote, programu inaviunga. Wewe si mtu wa kuunga? Weka alama kila kimoja, hata hivi vidogo vya mwisho. Usijifanye mjuaji."

"Nenda zako, una wateja."

Akaenda. Vipande vikaanza kushuka, vinajikokota. Mama alikuwa ameshaletewa kiti, amejifunga kitambaa kipya kichwani kama anayepokea mgeni.

"Amefika?" akauliza.

"Bado, mama. Yuko njiani."

"Na wewe mharakishe."

Mshonaji akatazama vile vidogo vya mwisho. Majina yake yalikuwa herufi na tarakimu ovyo ovyo, wala jina la Redio halikuwa mbele kama kwa vingine. Takataka hizi, akawaza, zinamchelewesha mama bure. Akaviondolea alama. Yeye huyu, ambaye hatupi hata kipande cha kitambaa cha upana wa kidole, maana hajui lini kitahitajika kiraka.

Asubuhi programu ikagoma: vipande vingine vimefika vibovu. Akakimbilia kibanda cha Fundi Simu.

"Hilo ni dogo," Fundi Simu akasema. "Vile vidogo ndivyo viraka vyenyewe. Kaka yako aliviweka makusudi, vya kuzibia penye tundu." Akamtazama usoni. "Ulivipakua?"

Mshonaji tayari alikuwa amegeuka kurudi nyumbani. Wakarudi wote wawili wakafungua kundi. Jina la Redio halikuwepo tena, si kubwa wala dogo. Fundi Simu akalitafuta tena, mara mbili.

"Kilichopo tunaweza kukifungua kwa nguvu," akasema mwishoe. "Kitaimba hadi penye tundu, basi."

Wakakifungua. Chumba kikajaa Redio. Alikohoa, akawasalimu mafundi wenzake, akasema hiki kichekesho ni cha mama yake na yule jogoo aliyekuwa akilala juu ya cherehani. Mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakamtikisika, anacheka, anafuta macho. Redio akaongeza kasi, jogoo ameruka, mama ameshika ufagio, mlango umefunguka, na aliyesimama pale mlangoni ni...

Kimya.

Fundi Simu akatazama sakafu. Mshonaji akanyoosha mkono aizime kompyuta, anatafuta pa kuanzia kumwambia.

"Usizime," mama akasema. Uso ulikuwa bado na kicheko. "Si unamjua mwenzio. Amekwenda kunywa maji."

Akakunja mikono mapajani, akageuzia sikio kwenye mashine, akangoja. Mshonaji akaurudisha mkono wake. Naye akavuta kigoda, akakaa karibu na mama yake.