Mlizi wa Mji Mzima

Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kulia. Walimwita Mlizi. Wakubwa walisema kilio kinaambukiza, kazi zinalala. Kwa hiyo we ukilia, hata kwa jino, unabebwa na walinzi, na wanaobebwa hawarudi. Yeye sasa! Nyumba ya ghorofa, nyama kila siku, gari mlangoni. Akifa mtu anaitwa, analia kwa niaba ya wafiwa, wenyewe wamekaa kimya kama maji mtungini.

"Sisi tunakula kwa jasho, mwenzetu kwa machozi!" watu walimtania, wivu umewajaa mpaka kooni.

Ila utamliliaje fundi gereji usiyemjua? Kila msiba, Mlizi alifumba macho akamfikiria mama yake amekufa: shuka usoni, miguu imetokeza. Basi hapo machozi yanakuja yenyewe, bwana.

Halafu mama akafa kweli.

Akamkuta kitandani, shuka usoni, miguu imetokeza. Dada yake mdogo kakaa sakafuni, kajiziba mdomo. Mlinzi yuko mlangoni, hamwondolei macho dada.

"Kaka, mlilie," dada akanong'ona. "Na sehemu yangu pia."

Mlizi akapiga magoti. Kavu. Akaminya macho. Kavu vilevile. Picha hii alishaiona mara ngapi! Machozi ya mama yake alishayamaliza kwenye misiba ya watu baki.

"Vipi leo, mzee, bomba limekatika?" mlinzi akacheka. "Wabeba maiti wameshafika ngazini."

"Kaka! Aende hivihivi, kama gunia?"

Mabega ya dada yakaanza kutikisika. Mlinzi akaacha kucheka, akasogea.

Mlizi akageuka, akamwangalia dada yake. Kile kishingo chembamba. Mawazoni akaivuta ile shuka, akamfunika yeye, kuanzia kichwani. Miguu ikatokeza.

Chozi likaja. Kisha kilio chenyewe, kizito, kikajaa chumba kizima. Mlinzi akarudi mlangoni, akavua kofia. Wabeba maiti wakamtoa mama polepole, kama mtu mwenye watu wake.

Dada akamshika mkono. "Asante, kaka. Mama kakusikia."

Mlizi akauchomoa mkono taratibu. Alikuwa bado analia, na hakuthubutu kumtazama usoni.