Spika Mbili na Mshororo wa Tatu

Usiku wa jana niliota niko kwenye duka la spika za bei ya nyumba, nimekuja kuchagua itakayosoma mashairi yangu. Kwenye simu nina shairi nililolirekodi mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha kutunga, na sijamwona aliyenizidi.

Muuzaji, Bi Zamzam, anabandika utepe wa karatasi sakafuni. "Keti hapa, kijana wangu. Umbali ni sawa kwa spika zote mbili. Na hapa tunapima kwa masikio tu. Macho yabaki mlangoni."

Ninayavua. Anayaweka kwenye sahani mlangoni, nyuma yangu. Tangu hapo naona kisogo changu.

"Utaitaja iliyo ya kweli," anasema. "Ukikosea, sauti yako inabaki ndani ya kasha la spika uliyoitaja."

Koo langu limeanza kupoa.

Spika kubwa, ndefu kunizidi, inaanza kulicheza shairi langu. Chumba kinakuwa uwanja wa mpira. Umati umesimama. *Sauti yangu mooto*, inanguruma, na watu wanalia.

"Malenga," inaniambia, "nitaje mimi, twende zetu."

Spika ndogo inakohoa. Uwanja unakuwa chumba changu. Nasikia feni. Nasikia kifuniko cha sufuria ya mama. Nasikia pumzi yangu ikitafuta pa kujificha.

"Mshororo wa tatu, kaka," inasema. "Kila kipande kina mizani nane, hiki kina saba. Umelivuta neno 'moto' ili kitimie."

"Wewe kasha la viatu ndio unifundishe mimi?"

"Sifundishi. Narudia ulichosema."

Nataka kuitukana. Mdomo unafunguka, mlio hautoki.

Bi Zamzam anatazama saa. "Imebaki sauti ya maneno mawili. Angalia unavyoyatumia."

Spika kubwa inapiga makofi. Kutoka kwenye sahani naona kisogo changu kikitiririka jasho.

"Ndogo," nasema. Kisha, kwa uchungu: "Saba."

Naamka, koo linawaka. Nafungua daftari, nahesabu kwa vidole: sa-u-ti ya-ngu mo-to. Saba. Na shairi hili nimelighani kwenye harusi tatu.

"Shomvi, mbona kimya leo?" mama anauliza kutoka jikoni.

"Natengeneza kitu, mama." Sauti ipo.

Naandika *Sauti yangu ni moto*. Nashuka kitandani, kitu kinanata kisiginoni. Ni kipande cha utepe wa karatasi, kimeandikwa kwa mwandiko nisioujua: MSIKILIZAJI.