Palizi ya Hesabu

Jumatatu asubuhi Kaari alikuta mlango wa Kitengo cha Kuwasaidia Wanafunzi umefungwa, kama kawaida. Bwana Nyaga, mratibu wa kitengo, alikuwa Mombasa kwenye semina ya jinsi ya kuwasaidia wanafunzi. Kaari naye alikuwa na mtihani wa marudio wa hesabu, ule wanafunzi huuita sapu. Akianguka tena, chuo kingemrudisha kwao Siakago, na hilo hakulitaka kabisa.

Aliketi barazani, akafungua kitabu. Gugu likachomoza nyuma ya sikio lake.

"Hiyo ni sangari," alisema Igoki, mwanadarasa mwenzake kutoka Manyatta. "Umekuwa ukikremu, kukariri bila kuelewa?"

"Si ndio nipite."

"Hapo umekata majani tu. Mzizi bado uko."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Igoki alimwita Mithika wa Ruiri, aliyekuwa na sapu yake pia, wakapatana kama watu wa makwao wanavyopatana msimu wa palizi: leo shamba lako, kesho langu, na mwenye shamba ndiye hupika. Kaari akapika githeri ya mahindi na maharagwe.

Igoki aliuliza maswali, Mithika akavuta magugu. Kaari alipoelewa, gugu lilitoka. Alipojifanya ameelewa, lilikatikia mkononi. Mzizi mmoja mnene waliufuata kupitia kidato cha nne, kidato cha pili, hadi darasa la sita, mwaka ambao mwalimu wa hesabu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Hapo Kaari alilia kwa hasira, akapangusa uso, akawaambia waendelee. Rundo la magugu lililobaki mlangoni pa kitengo lililiwa na mbuzi wa bawabu.

Kaari akapita sapu.

Bwana Nyaga aliporudi, mkuu wa chuo aliwakusanya wanafunzi ukumbini, akamtunuku cheti kwa kazi nzuri ya kitengo chake. Kesho yake angesafiri Kisumu kueleza mbinu alizotumia.

Kaari alisikia makofi akiwa barazani. Sapu ya Mithika ilikuwa imekaribia, na githeri yake ilikuwa jikoni.

"Wanampigia nani makofi?" Mithika aliuliza.

"Wewe inama," alisema Kaari, akikunja mikono ya sweta. Nyuma ya Mithika walipanga foleni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, majani yakiwafika mabegani.